Printa haijafa, njia ndiyo imepotea

Wasikilizaji wetu wa Salamabila, na nyinyi ndugu zetu mliohama vijiji vyenu mkapokelewa hapa, leo tuzungumze juu ya maneno yanayorudisha watu nyumbani mikono mitupu: «Imprimante imekufa, rudi kesho.»

Kwa anayeyasema ni maneno mepesi. Kwa mama aliyeondoka alfajiri na mtoto mgongoni, ni siku nzima imepotea. Kwetu kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Aliyekimbia usiku akaiacha nyumbani anahitaji hati ya kushuhudia kwamba amepotewa na vitambulisho. Mwingine anatafuta buletini ya mtoto ili apokelewe katika shule mpya. Wengine wanangoja orodha ya jamaa zitakazosaidiwa ichapwe na kubandikwa ukutani, wajue kama jina lao limo. Karatasi ikichelewa, msaada nao unachelewa.

Maoni yangu ni haya: mara nyingi printa hiyo haijafa. Kinachokosekana ni mtu wa hapa hapa anayejua kuirudisha njiani. Na ofisi zetu, shule, vituo vya afya na mashirika ya kiutu wakitumia mfumo huru wa kompyuta, ule unaoitwa Linux, kazi hiyo tunaweza kuijifunza wenyewe bila kungoja fundi atoke Kindu au Bukavu kwa barabara tunayoijua.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finlandi. Inapatikana bila malipo. Mtu anaruhusiwa kuinakili, kuigawa na kuitengeneza upya. Moja ya sura zake zinazojulikana sana ni Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni lile lile neno letu la utu. Ndani ya Linux, kazi ya kuchapa inasimamiwa na programu inayoitwa CUPS, iliyotolewa mwaka 1999 na Michael Sweet wa Marekani. Hata kompyuta za Apple zinaitumia.

Wengi wanaposikia «printa ya mtandao» wanafikiri lazima kuwe na intaneti. Hapana. Mtandao wa ndani ni kama mazungumzo ya watu wa nyumba moja. Kisanduku kidogo cha Wi-Fi, yaani ruta, kinaunganisha kompyuta tatu au nne na printa moja, bila kula hata mega moja. Badala ya kila meza kutafuta printa yake, ofisi nzima inatumia moja.

Kila mashine katika mtandao huo inapewa namba, kwa mfano 192.168.1.50. Namba hiyo ni kama anwani ya nyumba. Kompyuta inapotuma karatasi, inaipeleka kwenye anwani hiyo. Na hapa ndipo kuna chanzo cha «vifo» vingi vya printa. Sisi tunaishi kwa paneli za jua na jenereta. Jioni umeme unazimwa, asubuhi unawashwa. Ruta ikiamka, inaweza kugawa namba upya: printa iliyokuwa na 50 inapewa 53. Kompyuta haina habari, inaendelea kubisha mlango wa 50, na hakuna anayeitika. Katibu anasema imprimante imekufa, na yenyewe iko mzima, imehama tu. Ndugu mliohama mtaelewa: anayekutafuta kwenye kijiji cha zamani hawezi kukuona.

Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuiambia iwekee printa namba moja isiyobadilika. Kisha namba hiyo iandikwe kwa kalamu nzito kwenye kipande cha karatasi, ibandikwe juu ya printa.

Kuiunganisha na Linux pia si uchawi. Mara nyingi kompyuta inaiona printa yenyewe. Isipoiona, fungua kivinjari, kile kile cha kusomea intaneti, andika localhost:631, na ukurasa wa CUPS utafunguka hata kama hamna intaneti. Chagua kuongeza printa, toa jina na neno la siri la kompyuta, kisha andika anwani. Kwa printa nyingi za miaka hii ni ipp://192.168.1.50/ipp/print, na unaweka namba ya printa yako. Printa za aina hiyo hazihitaji kutafutiwa programu ya pekee.

Siku inapogoma, tufuate hatua kwa mpangilio. Kwanza, tuiambie printa ichape ukurasa wa hali yake kwa vitufe vyake yenyewe. Ukitoka, mashine ni nzima, shida iko njiani. Pili, tusome namba iliyo kwenye ukurasa huo, tuilinganishe na ile iliyo ndani ya kompyuta. Tatu, turudi kwenye localhost:631 tuangalie mstari wa kazi zinazongoja. CUPS ikishindwa mara moja, inaweza kusimamisha mstari mzima, na hata umeme ukirudi itabaki imesimama mpaka mtu abofye kitufe cha kuendeleza. Mara nyingine kazi moja mbovu imekaa mbele na kuzuia zote: ifutwe. Nne, tuangalie ukubwa wa karatasi. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani inaomba karatasi inayoitwa Letter, nasi tunatumia A4. Printa inasimama ikingoja karatasi ambayo katika soko letu hutaipata.

Hatua nne, dakika kumi. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuzijua kwa siku moja.

Kuna jambo lingine, nalo linanisumbua zaidi ya kupoteza siku. Printa ya ofisi ikigoma, mtu anachukua flashi anakimbia kwenye sekretaria ya sokoni. Wenye sekretaria hawana kosa, wanatafuta maisha. Lakini orodha ya jamaa zilizokimbia, pamoja na majina, vijiji walikotoka na mahali wanapolala sasa, inabaki ndani ya kompyuta inayoguswa na kila mtu. Katika eneo hili, ambapo watu wamekimbia wenye silaha, orodha ya namna hiyo si karatasi ya kawaida. Kuichapa ndani ya ofisi, kwenye mtandao uliofungwa kwa neno la siri, ni sehemu ya kuwalinda watu hao. Tena flashi hizo ndizo zinazorudi na virusi, na virusi vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, si Linux.

Najua wapo watakaopinga. Watasema watu wetu wamezoea Windows. Ni kweli, na siku za kwanza zitakuwa nzito. Watasema kuna printa zisizokubaliana na Linux. Hilo pia ni kweli, ndiyo maana lazima tuulize kabla ya kununua, si baada. Watasema tatizo letu ni umeme. Nakubali: printa ya laser ikipasha moto inavuta wati mamia kadhaa kwa mara moja, na inaweza kuzima inverta ndogo, ile ya wino wa maji inavuta umeme mdogo kuliko huo. Lakini mfumo wa kulipia hauleti umeme. Unaongeza gharama tu, ama tunautumia kwa kuiba kama tulivyozoea.

Na asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya lugha za wageni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri programu huru ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa wazi. Iliyofungwa, ungesubiri mwenyewe apende.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwa mashirika na wakubwa wa ofisi: mnapoleta printa, leteni pia siku mbili za mafunzo, mfundishe watu wawili au watatu wa hapa, na mmoja wao awe kati ya waliohama, maana kati yao kuna walimu na wanafunzi wanaokaa bila kazi. Kwa hao watakaofundishwa: andikeni zile hatua nne kwa Kiswahili, mzibandike ukutani, ili ujuzi usiondoke na mtu mmoja siku akipata kazi kwingine. Na kwako wewe unayengoja mlangoni: ukiambiwa imprimante imekufa, uliza kwa heshima, «Mkubwa, ukurasa wa hali yake unatoka?» Swali hilo halimtukani mtu. Linaweza kukuokolea safari ya kesho.