Kamioneti Inayotetemeka

Baba mmoja wa jamaa ametuuliza: «Nina kamioneti ya zamani. Nikikanyaga freni katika mwendo wa kasi, usukani hutetemeka mikononi mwangu. Fundi amekwisha badili disiki za mbele mara mbili. Kila mara gari lilitulia miezi michache, kisha tetemeko likarudi. Je, nimerogwa?»

Hapana, ndugu, hukurogwa. Jambo hili lina sababu yake, nayo yaweza kutafutwa na kupimwa. Lakini usilipuuze, kwa maana nyuma yako katika gari hilo hukaa akina mama waendao sokoni na watoto watokao shuleni.

Kwanza tujue mahali penye ugonjwa. Kamioneti nyingi za zamani zina disiki mbele na ngoma nyuma. Usukani ukitetemeka, kwa kawaida ubaya uko mbele. Kiti kikitetemeka na usukani umetulia, tazama nyuma. Tena, katika njia iliyonyoka isiyo na watu, nenda polepole, uvute freni ya mkono kidogo kidogo, ukiwa tayari kuilegeza mara moja. Katika magari mengi ya namna hiyo, freni ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Tetemeko likija hapo, ngoma hazina tena mviringo ulio sawa.

Pili, inua gari, ulitegemeze imara, wala usiamini jeki peke yake. Shika gurudumu kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, beringi au viungo vya usukani vimelegea.

Tatu, mbona tetemeko hurudi? Watu husema disiki imepindwa na moto. Mara nyingi sivyo. Disiki mpya ikifungwa juu ya kitovu chenye kutu, haikai sawa. Huyumba katika kila mzunguko. Kuyumba huko ni kudogo hata jicho halikuoni, na siku za kwanza dereva hasikii kitu. Lakini disiki hugusa plaketi mahali palepale kila izungukapo, hata freni isipokanyagwa. Baada ya kilometa elfu kadha, mahali pale pamekuwa pembamba kuliko pengine. Plaketi zikibana, hukutana na unene, kisha wembamba, kisha unene tena: ndilo tetemeko lenyewe. Fundi hutupa disiki, akaacha kutu.

Basi mwambie hivi: avue disiki, asugue kitovu kwa burashi ya chuma mpaka king'ae. Ahakikishe kwamba plaketi hazikukwama mahali pake. Akiisha kufunga disiki, apime kuyumba kwake kwa kipimo chenye mshale. Ikiyumba kupita 0,1 ya milimita, haifai. Mwisho akaze nati kwa kuvukisha, moja huku, ya pili upande wa kuikabili, kwa nguvu iliyo sawa, kwa ufunguo wenye kipimo. Asikanyage ufunguo kwa mguu, kwani nati zisizokazwa sawa huweza kuipotosha hata disiki njema. Nawe dereva, katika mteremko mrefu kama ule wa Ngomo, njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, tia gia ndogo ili injini ilishike gari, usichome freni bure.

Wasomaji wapendwa, nasi tuna kutu yetu. Mume huahidi mbele ya mkewe kuacha hasira. Juma mbili nyumba ina amani, kisha makelele hurudi. Alibadili maneno ya kinywa, lakini ule uchungu wa zamani wa moyoni hakuusugua. Ndiyo maana, kabla ya kuungama, Kanisa latufundisha kutafuta dhambi zetu katika dhamiri. Atafutaye vema hatosheki na kuhesabu makosa. Huuliza pia yametoka wapi.