Nyumba Yetu: Ndege ya Vita Ndani ya Boksi



Mwezi huu tunajibu swali la mama mwenzetu wa Viwanja Sitini, Ifakara. Mume wake alikuwa akimfanyia kazi mgeni mmoja. Mgeni huyo alipomaliza mkataba wake, aliwaachia boksi lenye mfano wa ndege ya vita, ile inayorushwa kwa rimoti. Sasa mtoto anakwenda bweni na mahitaji yake hayajatimia, na mchuuzi anataka kulichukua boksi zima kwa bei ya kuku wawili. Mama anauliza: auze?

Auze, lakini asiuze kitu asichokijua. Pale Ifakara jambo hili si geni. Tangu maabara ya utafiti ya Waswisi ilipofunguliwa mwaka 1957, wageni wengi wamekaa na kuondoka, wakiacha nyuma vyombo vya kila namna. Asiyejua jina la kitu hupangiwa bei na anayelijua.

Kwanza, zungumzeni na baba. Yeye ndiye aliyepewa, na mali inayouzwa kwa siri huleta ugomvi unaozidi thamani yake.

Pili, watoeni watoto chumbani na mtazame kama ndani ya boksi kuna chupa au kopo la mafuta. Injini nyingi ndogo za ndege hizi hutumia mafuta yenye methanoli, na mara nyingi hutiwa rangi yakafanana na juisi. Methanoli ni sumu. Hata kidogo huweza kupofusha macho au kuua. Msiyaweke jikoni, wala msiyahamishie kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa, mkimbizeni hospitali saa ile ile pamoja na kopo lenyewe. Msingoje aanze kuumwa, kwa maana sumu hii huweza kuchelewa kujionyesha.

Angalieni na betri. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, maana huweza kuwaka moto ghafla. Iwekeni nje ndani ya chungu, mbali na mkaa na majani makavu.

Sasa tuitambue ndege. Msitegemee rangi, kwa sababu rangi hupakwa na yeyote. Tazameni umbo. Mabawa yaliyoviringana kama yai lililorefushwa ni dalili ya Spitfire ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936. Ncha za mabawa zikiwa kama zimekatwa kwa kisu, na tumboni kuna mdomo wa kuingizia hewa, huenda ni Mustang ya Wamarekani ya mwaka 1940. Chukueni tepu ya fundi cherehani mpime kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Spitfire ya kweli ilikuwa na mita 11 na kidogo, hivyo mfano wa sentimita 140 ni kama sehemu moja ya nane. Mnunuzi anayejua atauliza kipimo hicho.

Tazameni pia imetengenezwa kwa mbao nyepesi au kwa povu gumu kama lile linalofungashia televisheni. Yenye tangi dogo na eksozi ni ya mafuta. Yenye nyaya nene mpaka kwenye mota ni ya umeme. Pangaboi likigoma kuzunguka msililazimishe, huenda ni mafuta ya zamani yaliyoganda.

Kisha rimoti. Nyuma yake huwa kuna kibandiko chenye namba. Za siku hizi nyingi huandikwa 2.4 GHz, za zamani zina antena ndefu na namba kama 27, 35 au 72 MHz. Rimoti na kipokezi kilichomo ndani ya ndege lazima vielewane. Kwa hiyo msikubali mchuuzi achague rimoti peke yake akawaachia mabawa.

Mkishapata jina na kipimo, kijana wa nyumbani mwenye simu apige picha na kutafuta nyingine kama hiyo zinauzwaje. Bei ya Ulaya haiwezi kuwa bei ya Ifakara, ila mtajua pa kuanzia. Waulizeni wanunuzi wawili au watatu, na mkiuza muandikishane.

Nanyi msimdanganye mnunuzi. Kama hamjaiona ikiruka, semeni hivyo. Kama bawa limeunganishwa kwa gundi, mwonyesheni. Wala asiijaribu mtaani: pangaboi hukata vidole, na ndege ya kilo mbili ikimwangukia mtoto huumiza vibaya. Urushaji wa ndege zisizo na rubani nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), basi akaulize huko kwanza.

Mama wa Viwanja Sitini, huenda ndege yako ikazidi sana kuku wawili, au ikazidi kidogo tu. Lakini utakapopokea fedha hizo utajua umeuza nini, na kopo lile litakuwa mbali na mikono ya watoto.

Tukutane mwezi ujao.