Kasi Si Uhakika wa Wakati

Shuleni kompyuta husifiwa kwa kasi yake, na ile yenye viini vingi vya kukokotolea ndani ya prosesa husifiwa zaidi. Sifa hiyo yamfaa mpiga chapa wa barua. Kwa kompyuta inayoongoza breki za gari haitoshi: breki zahitaji jibu lisilochelewa hata mara moja, si jibu la haraka kwa wastani.

Kwa prosesa moja hesabu ilipatikana mapema. Mwaka 1973 C. L. Liu na J. W. Layland walithibitisha kwamba kazi zisizotegemeana, zinazojirudia kwa vipindi maalumu, hazitachelewa iwapo ile yenye kipindi kifupi hutangulizwa daima, na zote kwa jumla hazizidi asilimia 69 ya muda wa prosesa. Mwaka 1978 S. K. Dhall na Liu huyo huyo wakaonyesha kwamba penye prosesa nyingi kanuni hiyo hailindi: kazi ndefu yaweza kuchelewa ingawa jumla ya kazi zote yakaribia uwezo wa prosesa moja tu.

Tena viini hugawana kumbukumbu moja, kama wachota maji kumi wenye kamba moja kisimani. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa ndege uliotolewa Ulaya mwaka 2022 wawataka watengenezaji wabainishe njia ambazo viini vyaweza kuzuiana. Kupima programu mara elfu hakuondoi shaka. Mhandisi aachaye kiini kimoja bila kazi ili breki zisingoje asihesabiwe mbadhirifu.