Utulivu wa Misali Una Wenyewe

Mwisho wa mwaka unapokaribia, mazungumzo ya likizo huanza katika nyumba nyingi za mijini. Baba hupiga hesabu ya nauli ya kwenda kijijini, mama hukumbuka ada za shule za Januari, na watoto hutaja bahari. Wapo wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam na Tanga waishio kilomita chache tu na pwani, nao huiona kwa dirisha la basi peke yake. Wakiulizwa ufuko mtulivu ni upi, hutaja ule wa kwenye kalenda ukutani: kijighuba cha Ugiriki au Hispania katika Bahari ya Mediterania, maji ya buluu, na mwamba kila upande ukizuia upepo.

Leo safu hii yapenda kukukumbusha ya kwamba vijighuba vya namna hiyo tunavyo, na kwamba baadhi ya vilivyo bora viko Pemba. Yapenda pia kukueleza jambo lisiloonekana katika picha. Ufuko hautulii wenyewe. Yapo maumbile yanayoutuliza, na wapo watu wanaoutunza. Mwenye kwenda huko bila kuyajua hayo mawili atarudi na mchanga katika viatu, na pengine atakuwa ameharibu kitu asichokijua.

PEPO NA MAJI

Tazama ramani ya Pemba. Upande wa mashariki, kisiwa kinaitazama Bahari ya Hindi ana kwa ana, na hakuna nchi ya kukikinga. Upande wa magharibi, pwani imechanikachanika kwa hori, mikoko na visiwa vidogo, na mbele yake uko Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, unaokitenga kisiwa na pwani ya Tanga. Kaskazi ikivuma, takriban Desemba hadi Machi, na hata kusi ikishika katikati ya mwaka, mawimbi makubwa hupiga zaidi upande wa mashariki, na magharibi hubaki chini ya kivuli cha kisiwa.

Mfano mwema uko Ras Kigomasha, kwenye ncha ya kaskazini. Ili kufika huko, hupita Konde na kuuvuka Msitu wa Ngezi, ambamo bado hukua mpapindi, jamii ya mnazi ambayo asili yake ni Pemba. Ukishatoka msituni, rasi inakupa pwani mbili. Ya mashariki huitwa Vumawimbi, na jina hilo latosha kuieleza siku ya kaskazi. Ya magharibi huitwa Verani, nayo ndiyo mzee mwenye watoto wadogo angeichagua siku kama hiyo. Mwendo ni mfupi baina ya moja na nyingine, bali bahari zake ni mbili.

Jambo la pili ni kupwa na kujaa. Katika sehemu nyingi za Mediterania maji hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika hata nusu mita, hivyo mgeni wa huko huoga saa aipendayo. Kwetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa yapata saa nne asubuhi. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Familia itakayofika ufukoni saa nne asubuhi siku ya bamvua, na vyakula vyao na taulo zao, huenda ikakuta bahari imekwenda zake, na mahali pake wapo akina mama wakitafuta pweza au wakihudumia mwani.

Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya zao hilo hutoka Pemba. Basi ufuko unaoonekana mtupu ni shamba, na vijiti na kamba unazoziona majini ni mali ya mtu. Asiyejua hayo hukanyaga jasho la mwenzake huku akiokota kombe.

MSALA WA MCHANGA

Tukitaka mahali pamoja pa kuyaona yote haya, twende Misali. Ni kisiwa kidogo kisichofika kilomita moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake, na vyombo vya kwenda huko aghalabu hung'oa nanga bandari ya Wesha. Mchanga wake ni mweupe, nyuma yake ipo mibuyu na msitu wa juu ya mawe ya matumbawe, na hatua chache kutoka ufukoni matumbawe yenyewe huonekana kupitia maji. Usiku kasa hupanda kutaga mayai, nayo hukaa mchangani karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa.

Wageni kutoka mbali hupenda kusimuliwa habari za haramia William Kidd, ambaye yasemekana alificha hazina huko, ingawa hakuna aliyeiona. Wavuvi wa Pemba wana masimulizi yao. Husema ya kwamba Nabii Hidhri alifika kisiwani akawaomba wavuvi msala ili asali. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya msala, kwa kuwa umbo lake limeelekea kibla. Kutokana na hayo, husema, ndipo likatoka jina la Misali.

Ndugu msomaji, zipime hadithi mbili hizo. Ya kwanza humfundisha mtu kuchimba. Ya pili humfundisha kuvua viatu.

DAGO NA HOTELI

Kwa wavuvi, Misali ni dago, yaani mahali pa kupiga kambi, kuanika samaki, kungoja upepo na kutoka tena. Zaidi ya wavuvi 1,000 kutoka vijiji vingi vya Pemba wamekuwa wakitegemea maji yanayokizunguka kisiwa hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitokea mpango wa kukikodisha kisiwa kwa mwekezaji ili ijengwe hoteli. Wavuvi waliona mara moja maana yake: pakishajengwa nyumba ya mgeni, dago litaonekana uchafu. Wakapinga, wakaungwa mkono na wataalamu wa mazingira, na Serikali ya Mapinduzi ikawasikiliza. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, wavuvi wenyewe wakiwa na sauti katika kuliendesha. Mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo waliilipa wavuvi. Sehemu ya matumbawe ilitengwa isivuliwe kabisa, ili samaki wapate mahali pa kuzaliana. Kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake cha jioni kimo baharini, kuambiwa asitie nyavu mahali alipovua babu yake si neno jepesi. Tena ilikuwa mwaka ule ule wa 1998 ambapo joto la bahari lilipanda isivyo kawaida na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, ya Pemba yakiwamo, yakageuka meupe na kufa. Katika miaka iliyofuata, mafunzo ya hifadhi yalipelekwa hata misikitini na madrasani, yakikumbusha fundisho la Uislamu ya kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, amekabidhiwa kuitunza wala hakupewa aimalize. Mvuvi ambaye hakushawishika na maneno ya semina aliyaelewa hayo.

Katika nchi nyingine utulivu wa pwani hununuliwa kwa fedha. Hispania ilijengwa mahoteli ufukoni kuanzia miaka ya 1960 hata sehemu nyingi zikakosa nafasi. Ufaransa, kwa kuona hatari hiyo, mwaka 1975 iliunda shirika la umma la kununua ardhi za pwani ili zisijengwe. Misali haikuwa na fedha za namna hiyo. Ilikuwa na watu waliokataa, kisha wakajinyima.

Suala hili halijaisha. Mwishoni mwa mwaka 2021 Zanzibar ilianza kuvikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji. Uwekezaji una faida zake, na vijana wa Pemba wanahitaji kazi. Lakini kila mkataba wa kisiwa yafaa uulizwe swali lile la wavuvi wa Misali: mwenye dago atakaa wapi?

KUINGIA KWA HODI

Basi wewe unayekusudia kuwapeleka wanao, fanya haya. Kwanza, usalama wa njiani. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama tiketi umeshakata na watoto wanalia. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba huku imejaza kupita kiasi, ilizama na kuua mamia ya watu, na nyumba nyingi za Pemba zina msiba wa siku ile. Katika mashua ya kwenda kisiwani, kila mtoto avae jaketi la kuokolea. Nahodha akisema leo hakuendeki, mshukuru.

Pili, kabla ya kwenda Misali, ulizia Chake Chake au Wesha taratibu na ada za wakati huo, na saa za maji. Mvuvi yeyote atakueleza kwa kuutazama mwezi.

Tatu, vaa kwa heshima. Pemba ni nchi ya Waislamu wenye staha, na mavazi ya kuogea hayapiti katikati ya kijiji. Kanga moja begani yatosha kuonyesha kuwa umelelewa. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Usimpige picha mama aliye katika mwani kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa.

Nne, wafundishe watoto wasiokote makombe hai, wasisimame juu ya matumbawe, na wasifukue mchanga mahali palipowekwa alama ya kiota cha kasa. Mifuko na chupa mlizokuja nazo zirudi nanyi mjini.

Tano, chakula chenu kitoke kwa wenyeji. Samaki, muhogo, ndizi na madafu vya Pemba vitawashibisha kuliko biskuti za dukani, na fedha itabaki katika mikono iliyoutunza ufuko.

Na mkiisha kukaa chini ya mbuyu, maji yakiwa yamejaa na hayana hata kiwimbi, waonyeshe watoto ngalawa iliyotia nanga mbali kidogo na matumbawe. Waambie kwa nini mvuvi yule hakuivuta karibu zaidi, ingawa samaki wako pale pale chini ya macho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Misali atakuwa ametimiza methali hiyo iwapo atakapoondoka mwenyeji wake hatakuwa amepungukiwa na kitu.