Wanjiru Hakuanzia Roshani

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo: kila mmoja aandike aya moja juu ya marehemu Samuel Kamau Wanjiru, mwanariadha wa Nyahururu. Zoezi lenyewe halikuwa la riadha. Nilitaka kuwaonyesha jinsi mpangilio wa habari katika aya unavyoelekeza hukumu ya msomaji, maana jambo linalotangulia ndilo linalomwambia msomaji tunazungumza habari za nini hasa. Nilimchagua Wanjiru kwa kuwa Nyahururu si mbali na Nakuru, panda tu mlima wa Subukia uko karibu kufika, nami nilidhani kila mtu anamjua. Nilipokaa kusahihisha, nilikuta kwamba karibu wote walikuwa wameanza na roshani. Alianguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa na fedha nyingi. Wachache walikumbuka kutaja, tena katika sentensi ya mwisho, kwamba aliwahi kukimbia.

Sikuwalaumu. Alipotwaa dhahabu, wengi wao walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Wanayoyajua ni yale tuliyowasimulia sisi wakubwa wao, na sisi ndio tulioanza na roshani. Niruhusu basi, mpenzi msomaji, nami niandike aya yangu, ijapokuwa itakuwa ndefu kuliko niliyowaruhusu wao.

Naianza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 24 Agosti 2008. Marathoni ya Olimpiki ilianza Beijing saa nane na nusu za usiku kwa saa zetu. Nilikuwa mwalimu kijana, napanga chumba kimoja mtaani Nakuru, sina televisheni. Mwenye nyumba alikuwa nayo, akatufungulia mlango wapangaji wote. Msomaji atakumbuka mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mwezi Januari mji wetu uliwaka moto. Watu wa kambi za siasa na wa makabila mbalimbali walichinjana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kuwa makazi ya waliofukuzwa makwao. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, lakini sahihi ya Nairobi haikufika haraka kwenye ua wetu. Kati ya watu waliobanana kwenye kochi lile mlikuwamo majirani wawili ambao tangu Januari hawakuwa wakiamkiana.

Katika joto kama lile wakimbiaji wa marathoni husubiri. Hutazamana, huviziana, humwacha mwingine achoke kwanza. Wanjiru hakusubiri. Kilomita 5 za kwanza zilikwisha kwa muda usiofika dakika 15, na mwendo ukazidi kupanda na kushuka kana kwamba mtu anazijaribu pumzi za wenzake mmoja mmoja. Mmoja wa wale majirani, mtu aliyewahi kukimbia shuleni, alikuwa akisema kwa sauti kwamba huyu kijana anajiua, hatafika. Yule wa pili akamjibu: “Mwache.” Nadhani ndilo neno la kwanza walilosemezana kwa muda wa miezi saba. Alipoingia uwanjani peke yake ilikuwa karibu saa kumi na nusu za alfajiri. Saa 2, dakika 6, sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki aliyoivunja ilikuwa ya Carlos Lopes wa Ureno, saa 2:09:21, iliyodumu tangu Los Angeles mwaka 1984. Jaouad Gharib wa Moroko alikuja wa pili. Rekodi hiyo mpya nayo ilikaa miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Uhabeshi alipoipunguza kwa sekunde 6 mjini Paris mwaka 2024.

Kabla ya alfajiri ile Kenya, pamoja na sifa zake zote, haikuwa na dhahabu hata moja ya marathoni ya Olimpiki. Douglas Wakiihuri alipata fedha mwaka 1988. Erick Wainaina, naye wa Nyahururu, alipata shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000. Wote wawili, kama Wanjiru, walilelewa kiriadha Japani.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hawakugusa kabisa, na ndipo mimi, kwa kazi yangu, ninapovutiwa zaidi. Wanjiru aliondoka nyumbani mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15 tu, mtoto wa mama maskini, akaingia shule ya upili ya Sendai Ikuei. Huko alikimbia ekiden, mbio za barabarani za kupokezana ambamo mkimbiaji hampi mwenzake kijiti bali utepe mpana anaouvaa begani, uliolowa jasho la waliotangulia. Alijifunza Kijapani mpaka akawa anahojiwa kwa lugha hiyo bila mkalimani. Mtoto wa miaka 15 ajifunzaye lugha isiyo na undugu wowote na Kikuyu wala Kiswahili, na kuimudu hivyo, si mtu wa miguu tu. Akiwa na miaka 18 alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni. Kufikia Machi 2007 alikuwa ameivunja mara tatu, ya mwisho kwa dakika 58 na sekunde 33.

Neno alilopenda kulitaja kuwa amelipata Japani ni gaman. Wafasiri hulipa “subira” au “uvumilivu”, na yote mawili hayatoshi. Subira yetu humngoja Mungu au wakati. Gaman ni kulibana umivu ndani pasipo kulionyesha usoni. Kwa kilomita 42 hakuna neno bora. Kwa maisha ya mtu wa miaka 22 aliyerudi nyumbani na mamilioni, sina hakika.

Nimewaona vijana wengi wa riadha hapa Nakuru na Eldoret wakirudi na fedha, nami husikiliza wanavyoitwa. Kijana aliyekuwa “wewe” mwaka juzi huitwa “bosi”, kisha “mheshimiwa”, kisha, na wazee waliomzidi miaka arobaini, “mzee”. Ni jambo dogo la lugha, lakini hebu litazame. Anayekuita mzee amekwisha kujivua haki ya kukukanya. Siku kijana huyo atakapohitaji mtu wa kumwambia “mwanangu, acha”, hatasalia hata mmoja mwenye cheo cha kusema hivyo.

Zipo hoja za walimu wenzangu, nami naziheshimu, kwamba kuanza na kifo ni kuwaonya vijana. Mimi sisemi tufiche. Miezi yake ya mwisho ilijaa kesi na vichwa vya habari vya nyumba yake, na tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba hiyo mjini Nyahururu. Yaandikwe. Lakini onyo linamwonya nani, ikiwa anayeonywa haambiwi ni nini kilichopotea? Mwezi Oktoba 2010, akiwa ametoka kuugua tumbo, alipambana na Tsegaye Kebede katika barabara za Chicago, wakapitana na kupitana tena karibu na mwisho, akashinda. Miaka 13 baadaye, katika mji ule ule, Kelvin Kiptum alikimbia saa 2:00:35. Kiptum naye alifariki akiwa na miaka 24, katika ajali ya gari njiani karibu na Kaptagat tarehe 11 Februari 2024, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Tayari nasikia watoto wakimsimulia kwa kuanza na lile gari.

Niliwarudishia wanafunzi karatasi zao na sharti moja: neno “alikufa” lisionekane kabla ya sentensi ya mwisho. Walinung’unika, kisha wakaenda maktaba. Msichana mmoja kutoka Ol Kalou, ambaye aya yake ya kwanza ilikuwa na sentensi nne, aliniletea kurasa tatu. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba Wanjiru alijua Kijapani. Ya mwisho hakuiandika. Alisema muda ulimwishia, nami sikumdai.