Eti sanaa ni mali ya dunia

Nimepotea humu siku kadhaa, kazi zimenibana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Kilifi na msomi kabisa, ananiambia Wahopi wa Arizona wanalalamika bure. Eti sanaa ni mali ya dunia nzima. Sanaa! Hilo neno ndilo tatizo.

Mwezi Aprili 2013, mjini Paris, barakoa zao za ibada zipatazo 70 zilipigwa mnada. Wenyewe huziita marafiki, maana kwao zina uhai, na hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuziuza. Walikwenda mahakamani. Hakimu akasema hizo si mwili wa mtu, awe hai au mfu, basi mnada uendelee. Ukaendelea! Desemba mwaka huohuo mnada mwingine, na taasisi ya Annenberg ikabidi ilipe zaidi ya dola 500,000 kwa vitu 24, ivirudishe kwa wenyewe. Mwaka 2014 Wanavajo wakamtuma makamu wa rais wao, Rex Lee Jim, ambaye pia ni mganga, akanunue saba. Hebu fikiria, unapanda ndege kwenda kukomboa kitu cha ibada yako kwa bei ya mnada. Sheria ya Marekani ya kuzuia vitu hivi visisafirishwe nje ilisainiwa Desemba 2022.

Hao Wanavajo ndio wenye picha za mchanga. Mganga huchora sakafuni kwa mchanga wa rangi, mkaa na chavua ya maua, mgonjwa anakaa juu yake, kisha picha inafutwa. Haikuchorwa itundikwe sebuleni kwa mtu. Zile za gundi wanazouziwa watalii, wachoraji wenyewe hubadilisha vitu fulani makusudi. Hizo nunua, watu wanatafuta riziki, sigombi.

Jamaa yangu akacheka. Nikamkumbusha vigango. Wamijikenda walivisimika kwa ajili ya wazee wao waliofariki, vikang'olewa, vingine na vijana wa hukohuko, vikauzwa Marekani kwa jina hilohilo la sanaa. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kurudisha 30.

Nikamuuliza: na kigango cha babu yako je, ni mali ya dunia?

Akaanza kuongea habari za mpira.