Chongo Si Kengeza

Wako watu wenye heshima zao, na baadhi yao ni walimu wenzangu, washikao kwamba picha za sinema za wapelelezi ni chuo cha uovu. Wako na vijana, msomaji, pengine nawe u mmoja wao, wazipendao picha hizo kwa ajili ya kofia iliyoinamishwa juu ya jicho na moshi wa sigara. Makundi haya mawili hubishana daima, na yote mawili yamekosa. La kwanza limeona bastola tu. La pili limeona kofia tu. Hakuna lililoona hukumu.

Natoa ushahidi wa picha moja, The Maltese Falcon, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1941. Ilikuwa picha ya kwanza kuongozwa na John Huston. Hadithi yake ilitoka katika kitabu cha mwaka 1930 cha Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mpelelezi wa kulipwa. Basi alikijua alichokiandika.

Kisa ni hiki. Katika mji wa San Francisco, Sam Spade, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, ana ofisi ya upelelezi pamoja na mshirika wake, Miles Archer. Mwanamke mzuri anawajia na habari ya uongo kwamba anamtafuta ndugu yake. Usiku uleule Archer anapigwa bastola akafa. Ndipo wanapojitokeza watu waitafutao sanamu ya kozi, ndege wa mawindo, isemekanayo kuwa ni dhahabu na vito chini ya rangi nyeusi. Mmoja wao, mtu mnene mwenye maneno matamu, ameiandama kwa miaka 17. Mwishowe sanamu inaletwa. Anaikwaruza kwa kisu, kumbe ni madini ya risasi tu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wengi hudhani mafundisho yamekwisha hapo. Mafundisho hayo ni mema, lakini ni mepesi; mazito yangali mbele.

Spade amempenda yule mwanamke, Brigid. Kisha akili yake inamwonyesha kuwa ndiye aliyemuua Archer. Tazama mizani hiyo. Upande mmoja yuko maiti ambaye Spade hakumheshimu alipokuwa hai, tena alikuwa akimwendea mkewe kwa siri. Upande wa pili yuko mpenzi aliye hai, analia na kusihi. Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Spade amependa, naye ameita chongo, chongo. Anamwambia Brigid kwamba mtu akiuliwa mshirika wake hapaswi kukaa kimya, awe alimpenda au hakumpenda. Kisha anamkabidhi kwa polisi, pamoja na dola 1,000 alizopokea kwa yule mnene.

Nitaambiwa kwamba Spade si mtakatifu. Ni kweli. Ni mwongo na mzinzi, na miongoni mwa sababu alizozitaja umo usalama wake mwenyewe. Simleti kwako uuige mwendo wake. Lakini ikiwa mtu mwenye mawaa kiasi hicho aliweza kukataa kuificha damu ya mtu asiyempenda, sisi tujiitao wema tuna udhuru gani?

Nauliza kwa kuwa nimeona. Katika shule moja niliyofundisha, sanduku la mwanafunzi lilivunjwa bwenini, na karo yake ikaibwa. Mvulana mmoja mkimya, asiye na wenzi, alishukiwa, akarudishwa kwao. Nami nilikuwa mmoja wa walimu waliomhukumu. Sikuwa na ushahidi, ila sikupata kumpenda. Muhula ulipita ndipo ikajulikana kwamba vijana watatu walimjua mwizi tangu asubuhi ile. Nilipowauliza kwa nini walinyamaza, mmoja alijibu, "Mwalimu, yeye ni rafiki yetu." Jibu hilo alilitoa bila haya, kama mtu atajaye sifa yake. Yule mkimya alirudi akiwa amekwisha kukosa mtihani, na hakuna aliyeweza kumrudishia.

Wale watatu waliita chongo kengeza kwa kupenda, nami niliona chongo pasipo na chongo kwa kutopenda. Kosa letu lilikuwa moja.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu: msiwafungie vijana mlango wa picha hii, bali ketini nao mwizungumze. Nawe, msomaji, usiende kwa ajili ya kofia. Taa ziwakapo, jiulize: siku rafiki yangu atakapovunja sanduku la mtu nisiyempenda, nitasema? Ukiona jibu linasitasita kinywani, kaa palepale uitazame tena.